Damu Haitaki Maji ya Moto

Mume wa Bi Pasi alipotoweka, Bi Pasi aliimba. Nalisema mapema ili mtu asije akanikatiza huko mbele kuuliza mama wa watu alikosa nini. Hakumgusa mumewe hata kwa ukucha. Aliimba tu, tena kwa sauti ya kutoka tumboni, huku anasuuza mashuka ya wateja, na mtaa mzima ukamsikia.

Na msinitazame hivyo. Subirini kwanza mjue alikuwa akiishi na nani.

Bi Pasi alikuwa dobi, na si dobi wa kubahatisha. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, na ndani yake meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, na rafu zilizojaa nguo zilizokunjwa hadi juu. Nyuma kulikuwa na ua wenye kamba nne na hodhi la saruji la kulowekea, na ng'ambo ya ua ndipo walipokuwa wakiishi, vyumba viwili na jiko. Kila nguo iliyoingia dukani ilitiwa alama ya uzi, ndani ya kola au kiunoni, kama wafanyavyo madobi wote ili nguo za huyu zisiende kwa yule. Alama ya Bi Pasi ilikuwa mishono miwili ya uzi wa bluu, na chini yake alama ya mteja mwenyewe. Mtu akileta shati, Bi Pasi alilitazama doa kabla hajamtazama mtu. Wateja walimpenda kwa hilo. Mume ni habari nyingine.

Mumewe watu walimwita Msimamizi. Miaka thelathini alikuwa karani wa ghala, kazi yake kusimama mlangoni na kalamu sikioni akiwaambia wapagazi gunia gani liende wapi. Alipostaafu walimpa cheti, wakampigia makofi, akarudi nyumbani na nguvu zake zote lakini hana mpagazi hata mmoja. Basi akachukua kiti, akakiweka katikati ya duka la mkewe, akaketi. Huu ulikuwa mwaka wa pili hajainuka.

Asubuhi hadi jioni mzee alisimamia. Maji hayo si yamezidi? Kola kwanza, mikono baadaye. Hilo shuka limepinda kushoto, hapana, kushoto kwangu mimi. Pasi imepoa. Pasi imezidi moto. Na huyo asemaye yote haya, jamani, hakuwa amefua hata leso yake tangu siku ya harusi. Bi Pasi alikuwa amejifunza kumjibu "mm" kwa namna saba: mm ya ndiyo, mm ya hapana, mm ya niache, na nyingine ambazo si vizuri kuzifasiri mbele za watu. Ndoa ilikuwa na miaka ishirini na sita na binti mmoja, muuguzi, anayefanya kazi mji wa mbali. Ugomvi haukuwapo. Palikuwa na kusimamiwa na palikuwa na mm, na siku zikaenda.

Alhamisi hiyo asubuhi mzee alijikata akinyoa mbele ya kioo cha dukani. Damu ikadondokea shati jeupe, matone matatu na mchirizi. Bi Pasi alipoliona lile doa alimvua mzee shati huku bado anaongea, akakimbia nalo uani, maana damu mbichi ni ya kuwahiwa. Mzee akabaki nyuma anasema jambo fulani. Bi Pasi aliporudi, mikono inachuruzika maji, kiti kilikuwa kitupu.

Mchana mzee hakurudi. Jioni hakurudi. Bi Pasi si mwanamke mbaya, alimpigia simu, na simu ikaita palepale rafuni ilipokuwa ikichajiwa. Akaingia chumbani akahesabu mashati. Mashati meupe ya mzee yalikuwa kumi, yeye ndiye aliyeyafua na ndiye aliyeyakunja. Sasa sita yalikuwa kabatini, moja kwenye kamba, na yale matatu ya rafu ya dukani hayapo. Hapo moyo ukamtulia, kwa sababu mtu aliyetekwa au kugongwa na gari haendi na mashati ya kubadilisha. Mzee ameenda zake. Bi Pasi akalala katikati ya kitanda, mikono huku, miguu kule.

Ijumaa alipiga pasi nguo za familia nzima bila mtu kumwambia kitu. Alianza na mikono, kola akaiacha mwisho kwa makusudi, kisha akatazama huku na huku kama mtoto aliyelamba sukari. Hakuna aliyesema neno. Ndipo wimbo ukamtoka. Paka akiondoka panya hutawala, na panya huyu alikuwa na sauti ambayo hata mwenyewe alikuwa ameisahau.

Jumapili akaja wifi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Msimamizi, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu ambaye akiingia chumbani hata watu wazima huficha mikono nyuma. Kila Jumapili alikuja kumjulia hali mdogo wake. Siku hiyo alimkuta Bi Pasi amesimama juu ya kiti cha Msimamizi, anafunga kamba mpya dirishani, yuko ubeti wa tatu. Akauliza mdogo wake yuko wapi. Akaambiwa ameondoka Alhamisi. Akauliza kaenda wapi. Akaambiwa hakuaga. Akauliza kama polisi wana habari, na Bi Pasi, Mungu amsamehe, akajibu kwamba alikuwa na nguo nyingi za kunyoosha.

"Wifi," alisema mwalimu mkuu, "mumeo hajaonekana siku ya nne leo, na wewe unaimba?"

Bi Pasi alitafuta la kujibu. Lililomjia ni mm. Wifi akashika mkoba wake, akatoka, na hakusimama popote mpaka kituo cha polisi.

Jumatatu akaja sajini. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kazi ya kuhuzunisha watu, na zaidi ya hayo alikuwa mteja: sare aliyoivaa siku hiyo ilinyooshwa pale pale mezani. Alivua kofia, akasalimia, akafungua daftari, akauliza mzee alionekana mara ya mwisho amevaa nini. Bi Pasi akasema shati jeupe, ila hilo si lile la kwanza, maana la kwanza alimvua kwa kuwa lilikuwa na damu. Kalamu ya sajini ikasimama. Akauliza shati lenye damu liko wapi.

Hapa ndipo ulimi ulipoponza kichwa. Mtu mwingine angeshtuka. Lakini dobi ukimuuliza habari za doa haoni polisi wala jela, anaona mwanafunzi. Bi Pasi akaliteremsha shati kutoka rafuni, limenyooshwa, limekunjwa, akalikunjua mezani kwa fahari.

"Damu haitaki maji ya moto, afande," alisema. "Ukiimwagia ya moto umeipika, haitoki tena. Unaiwahi na maji baridi na chumvi, unafikicha polepole, unasuuza, unarudia. Tazama mwenyewe. Hata ulete daktari na miwani yake, hapati kitu."

Wifi alikuwa mlangoni, akashika kifua. Majirani waliokuwa nyuma ya wifi wakasogea mbele. Sajini alilitazama shati huku na huku, na kwa kweli lilikuwa safi kiasi kwamba alitikisa kichwa kwa kupendezwa kabla ya kukumbuka yuko kazini. Akaandika mstari mmoja mrefu.

Basi wakalikausha lile hodhi. Askari wawili walichota maji ndoo kwa ndoo, watu wamejaa ukutani, wifi analia, na mama mmoja alishaanza kuuza karanga. Chini kabisa, kwenye tope la sabuni, wakakuta soksi. Soksi moja nyeusi yenye mstari mwekundu. Sajini aliinyanyua kwa vidole viwili, akaigeuza, akaisoma alama ya uzi, uso ukambadilika. Ilikuwa yake. Miaka mitatu nyuma aligombana na Bi Pasi kwa ajili ya soksi hiyo mpaka akatishia kuhama dobi. Akaitia mfukoni bila kuiandika kwenye daftari.

Alipokuwa anaondoka alimwita Bi Pasi pembeni. Akamwambia yeye binafsi haamini, lakini mkuu wa kituo yuko likizo, anarudi Jumatatu ijayo, na mkuu huyo ni mtu wa kufunga kwanza na kuuliza baadaye. Mume hayupo, damu ilikuwapo ikafuliwa, mke hakuripoti, mke anaimba. Hata yeye, kama angekuwa ndiye mkuu, alisema, angeingiwa na wasiwasi. Asitoke mjini.

"Na mzee akitokea, afande?"

"Akiingia kituoni kwa miguu yake mwenyewe, kesi hakuna."

Siku hiyo Bi Pasi alicheka. Tusidanganyane, alicheka hata Jumanne, ingawa wateja watatu walikuja kuchukua nguo zao zikiwa bado mbichi. Aliyemkata kicheko ni binti yake. Alipiga simu Jumatano, akaanza na habari za kazi, akaingia habari za mvua, akazunguka weee, mwisho akashusha sauti.

"Mama, niambie mimi tu. Hukumfanya baba kitu?"

Simu ilipokatika Bi Pasi alienda akakaa kwenye kile kiti katikati ya duka, na hakuwa amekaa hapo hata mara moja. Ilimuuma. Mtoto umemzaa, umemfulia nepi kwa mikono hii, leo anakuuliza kwa upole kama umemuua baba yake. Akakaa pale muda mrefu, pasi inapoa.

Na shida yake yote akaiona ilivyo. Asipompata mume kabla ya Jumatatu, atawekwa ndani, na binti yake atamwogopa maisha. Akimpata, itabidi amrudishe, amkalishe kwenye kiti hicho hicho, na kuanzia Jumanne ni kola kwanza, mikono baadaye, mpaka mmoja wao azikwe. Furaha ameionja siku sita tu. Alijaribu kuchagua jela, kwa dakika mbili tatu hivi, kisha akaona anakufuru.

Basi akafikiri kama dobi. Mzee ana mashati matatu. Habadilishi shati? Hubadilisha kila siku, hata akiwa na homa. Kufua hajui. Kwa hiyo kufikia Jumapili yote matatu yalikuwa machafu, na Jumatatu asubuhi, popote pale alipo, alisimama mbele ya dobi fulani. Na kwa anavyomjua mume wake, hakusimama kimya.

Alhamisi akaenda kituoni akamweleza sajini hesabu yake hiyo ya mashati. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. Akasema ruhusa ya kutoka mjini hana mamlaka ya kumpa. Lakini ikitokea yeye amesafiri kikazi, na mshukiwa naye akawa ameketi kiti cha pembeni, hapo mshukiwa hajatoka, yuko chini ya ulinzi. Mimi nadhani ile soksi ilikuwa inamsuta.

Wakapanda basi la barabara kuu, yeye sajini amevaa kiraia, suruali imenyooka kwa pasi ya mshukiwa wake. Mji wa kwanza wakampata dobi mmoja mama wa makamo, mikono imenywea kwa maji. Bi Pasi akamuuliza kama amepata mteja mgeni wiki hii, mwanamume mtu mzima, mashati meupe, anayependa kumfundisha kazi. Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Akasema wa kumfundisha kazi anao kumi na mmoja, achague. Walizikagua kola zote dukani, uzi wa bluu hamna, lakini hawakutoka hapo kwa saa nzima, kwa sababu Bi Pasi na mwenzake waliingia katika habari za sabuni mpya inayochubua vidole, wakaona hapo serikali lazima iingilie kati, na kwa bahati nzuri serikali ilikuwa imekaa kwenye benchi inakunywa maji.

Mji wa pili walizunguka kwa madobi wanne, na kila mmoja alipoulizwa swali lile alicheka kabla halijaisha. Mmoja alisema mteja wake ni mchungaji na humfundisha kwa maombi. Bi Pasi hakuwa amewahi kukaa na madobi wenzake namna ile, akashangaa jinsi maumivu yao yanavyofanana. Sajini naye alikwishapata hamu ya mambo, akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe, hasa kuhusu wino. Wakarudi jioni mikono mitupu, wamechoka, na sijui nisemeje, wamefurahi.

Ijumaa wakaenda mji wa tatu, wa mwisho barabara hiyo. Nyuma ya nyumba ya wageni palikuwa na dobi mzee sana, amekunja mgongo, anazifua nguo za wageni wote wa pale. Bi Pasi akamsalimia kwa adabu, akamuuliza swali lake. Mzee hakucheka. Alifikiri, akatikisa kichwa. Hapana, mteja wa kumfundisha kazi hana.

Bi Pasi akashukuru, akageuka. Lakini dobi hawezi kutoka kwenye ua wa dobi mwenzake bila kutupa jicho kambani, ndivyo walivyo. Akaona mashati meupe matatu. Yalining'inizwa kwa pindo, si kwa mabega, na vibanio vimekaa penye mshono ili visiache alama. Hivyo ndivyo anavyoanika yeye. Akageuza kola ya la kwanza. Mishono miwili, uzi wa bluu.

"Mzee wangu, haya mashati ni ya nani?"

"Hayo ni ya msaidizi wangu," alisema mzee. "Alikuwa mgeni hapa. Jumatatu alikuja nayo, nikanyoosha mkono niyapokee, akaomba ayafue mwenyewe, mimi nimwelekeze tu. Tangu hapo hajaondoka. Mtu mkimya huyo. Ukimwambia kitu anasema mm."

Bi Pasi alitaka kukaa chini, ila hapakuwa na pa kukaa. Kutoka dirisha la chumba cha pasi ilisikika sauti ya mwanamume anaimba. Ilikuwa sauti mbaya, imetoka nje ya wimbo kabisa, lakini ilitoka tumboni. Akamwomba sajini amngoje hapo kambani, akaingia peke yake.

Msimamizi alikuwa na fulana ya ndani, jasho linamtoka, pasi mkononi, shuka mbele yake. Alipomwona mkewe wimbo ukakatika. Akaisimamisha pasi wima kama inavyotakiwa, ndipo akaogopa. Kidevuni alikuwa na kovu. Lilikuwa refu, lilianzia chini ya mdomo likaishia shingoni, na Bi Pasi aliliona kwa mara ya kwanza.

Akamwambia yote kwa pumzi moja: wifi, sajini, hodhi, Jumatatu, swali la mtoto wao. Msimamizi akakaa juu ya tenga la nguo. Akaapa kwamba alijua mkewe akihesabu mashati ataelewa, na kwamba alipanga kutuma ujumbe mara atakapojua aandike nini. Bi Pasi akamuuliza kwa nini hakusema kama anaondoka.

"Nilikuwa nasema," alijibu. "Alhamisi ileile, kwenye kile kioo, nilikuwa nakwambia nimechoka kukaa, nataka kwenda mahali nitumie mikono. Damu inanitiririka kidevuni. Wewe ukanivua shati ukaenda nalo. Shati ulilihangaikia, mwenzangu. Mimi hukuniuliza hata kama naumia."

Bi Pasi alikitazama tena kile kidevu. 

Msimamizi akaendelea, taratibu, bila ile sauti yake ya ghalani. Akamkumbusha mwaka wa kwanza wa ndoa, alipotaka kumsaidia, akaliunguza gauni la njano la mpambe wa bibi harusi. Siku hiyo mkewe alimnyang'anya pasi, akamwambia asiiguse tena mpaka anaingia kaburini.

"Mikono ukanikataza," alisema, "nikabaki na mdomo."

Ilikuwa kweli. Bi Pasi alilikumbuka gauni lile na tundu lake. Duka lilikuwa na miezi mitatu, yeye alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, alilia siku mbili, na baada ya hapo hakuwahi kujiuliza tena kama mtu aweza kujifunza. Kumbe miaka yote ile mtu huyu alikuwa anaiomba pasi na yeye anamjibu mm. Iliuma. Na nisimpambe, kilichomuuma zaidi ni ule wimbo dirishani. Alidhani furaha ya kuachana ilikuwa yake peke yake.

Akalishika lile shuka mezani. Akaunganisha pembe kwa pembe, akalipitishia kiganja akitafuta kosa, kwa mazoea tu, na hakuliona. Akamwambia limenyooka. Msimamizi akatazama chini kwa haya kama kijana.

"Ulipoondoka mimi niliimba," Bi Pasi akasema. "Mtaa mzima umenisikia. Ndiyo maana wanataka kunifunga."

Msimamizi aliinua macho.

"Mimi nilianzia kwenye basi," akasema. "Konda alinihamisha kiti."

Ikawa ndiyo hiyo. Kicheko kiliwakamata kwa pamoja, kile cha kuumiza mbavu, cha ukidhani kimeisha kinaanza upya. Bi Pasi akajikuta ameketi juu ya tenga pembeni ya mumewe. Walikuwa hawajacheka hivyo miaka nenda rudi. Sajini aliposikia kelele aliingia mbio, akamkuta mshukiwa na marehemu wanafutana machozi kwa foronya ya nyumba ya wageni.

Lakini furaha ina mkia wake. Msimamizi akavaa shati, akamuaga mzee wa watu, akasema kwa sauti iliyoshuka kuwa basi, warudi nyumbani. Alikuwa tayari kabisa kurudi, ili mkewe asifungwe, na Bi Pasi alimpenda kwa hilo na akaogopa kwa hilo hilo.  Njia nzima sajini peke yake ndiye aliyekuwa mchangamfu, maana jalada lingefungwa kabla mkuu hajarudi.

Saa nane mchana walikuwa kituoni. Wifi alikwishaitwa, akamkumbatia mdogo wake, akamkaripia, akamkumbatia tena. Binti alikuwa kwenye simu ya Bi Pasi, imewekwa mezani sauti ikisikika kwa wote, na aliposikia baba yake anakohoa alilia mpaka wakamngoja. Kisha sajini akatoa fomu. Akajaza kwa herufi kubwa kwamba aliyepotea amepatikana akiwa hai na afya njema, na amekabidhiwa kwa, halafu nafasi. Akaisogeza ile fomu kwa Bi Pasi na kalamu juu yake.

Bi Pasi akaishika kalamu. Mkono ukasimama. Aliiona kesho yote, na keshokutwa iliyo nyuma yake, na kiti. Akasema taratibu kwamba yeye hakuripoti kupotea kwa mtu, na kama anavyofahamu, aliyeripoti ndiye anayepokea. Sajini akakuna kichwa, akakubali kuwa ndiyo sheria. Kalamu ikaenda kwa wifi.

Wifi aliitazama kama imetoka motoni. Akasema nyumba yake ni ndogo. Akasema ana shinikizo la damu, daktari amemwambia akae pasipo na maneno mengi. Akairudisha kalamu kwa Bi Pasi. Bi Pasi akairudisha kwake.

Msimamizi alikuwa amesimama katikati ya wanawake wawili waliompenda kuliko wote duniani, akiwatazama wanavyorushiana kalamu. Sikuambii alivyojisikia. Unajua. Akanyoosha mkono akaichukua yeye.

"Afande," alisema, "mimi nina miaka hamsini na tisa. Hapa naomba nijipokee mwenyewe."

Akaandika jina lake penye nafasi, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa kikarani, na kwenye anwani akaandika chumba cha pasi, nyuma ya nyumba ya wageni.  Bi Pasi alisikia kitu kizito kinamtoka mabegani, na wakati huo huo macho yakamjaa machozi, kwa sababu hakuwa amemwona mume wake akiwa mwanamume namna ile tangu siku alipomposa. Wifi akaanza kulia, akauliza sasa ndoa ya watu inakuwaje.

"Usilie, wifi," Bi Pasi akamwambia, akamshika mkono. "Sisi wote tupo. Ni ndoa tu ndiyo haipo."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa, akacheka kidogo, na wifi naye, akitaka asitake, akacheka katikati ya kilio. Wakapeana mikono pale pale mbele ya meza, mume na mke, kama watu waliomaliza kazi ndefu. Msimamizi akasema ana mashuka thelathini yanamngoja kesho. Akasema akiharibu, atampigia amuulize. Bi Pasi akamwambia apige wakati wowote, na alimaanisha.

Simu ilikuwa bado wazi mezani, wote wameisahau. Binti akaita. Alimwomba mama yake msamaha kwa swali lile, na Bi Pasi akamwambia yameisha, mwanangu, hata mimi ningeuliza. Kisha mtoto akauliza.

"Sasa mama, nyumbani utakaa na nani?"

Bi Pasi alitafakari kama mtu aliyeulizwa jambo jipya.

"Na mimi," alisema. "Nitakaa na mimi."

Akawaaga wote, sajini akamfungulia mlango, akatoka akaenda kufungua duka. Ilikuwa bado saa tisa, na kulikuwa na nguo za watu za kunyoosha.